Kulinda Maliasili za Mombasa Kupitia Mipango ya Kaunti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu kikundi chetu cha mtaa kianze kufuatilia habari za mikoko, visima na fuo hapa Mombasa, maswali huja yale yale: kwenye baraza la chifu, nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, kwenye simu usiku. Nimeyakusanya yale yanayorudi zaidi na kuyajibu kwa kadiri tulivyojifunza. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito, na mengine yanatosheka na sentensi chache.

Mombasa ni mji. Hizo maliasili ziko wapi?

Ziko chini ya miguu yetu na pande zote. Kisiwa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari: hori ya Tudor inayopanda hadi Mikindani na Jomvu Kuu, na ile ya Kilindini inayoendelea hadi Port Reitz na Mwache. Hori ya Mtwapa ndiyo mpaka wetu na Kilifi. Kote huko kuna mikoko. Upande wa bahari kuu, kuanzia Nyali kwenda Shanzu, kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi kabla hayajafika ufuoni, na ndani yake kuna nyasi za bahari wanakokula tafi na kasa. Nyumba zetu zimekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale lenye maji ndani yake. Na juu ya jiwe hilo imesimama mibuyu ambayo babu zetu waliikuta ikiwa mikubwa.

Yote hayo yamebanana mahali padogo. Kati ya kaunti 47, Mombasa ndiyo ndogo kuliko zote kwa eneo la ardhi, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Hapa hakuna kipande kisicho na mtu anayekitaka. Kaunti yenye nafasi ikikosea leo inaweza kujisahihisha kesho mahali pengine. Sisi pengine hatuna.

Mipango ni mingi. Upi hasa unaolinda mikoko na visima?

Hakuna mmoja unaotosha peke yake. Kuna Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, wa miaka 5, ambao kwa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Huo ndio unaofungua mfuko: mradi usiokuwamo humo ni vigumu kupata fedha. Kuna mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti, wa miaka 10, unaosema nini kijengwe wapi. Kuna mpango wa utekelezaji wa mazingira ambao sheria ya mazingira ya 1999 inaitaka kila kaunti iwe nao. Kitaifa kuna mpango wa usimamizi wa mikoko wa 2017 hadi 2027. Kuna pia mpango mkuu wa mji unaotazama hadi 2040, ulioandaliwa kwa msaada wa JICA, shirika la ushirikiano la Japani.

Ukiniuliza ni upi wa kuushika kwanza, nitakwambia ule wenye ramani. Maneno kwamba kaunti itahifadhi mazingira yamo katika kila hati niliyowahi kufungua. Lakini ofisa anayepitisha michoro ya jengo anaangalia rangi ya ile ploti kwenye ramani. Pakiwa pamepakwa rangi ya makazi, mikoko iliyo pale kwake haipo. Kisima kisicho na alama hakipo. Njia ya wavuvi ya kushukia baharini, ambayo watu wameipita miaka hamsini, nayo haipo. Kwa hiyo kazi kubwa ya wananchi ni kuhakikisha vitu hivi vinapata alama na jina kwenye ramani kabla trekta halijafika. Likishafika, unabaki kubishana na mtu mwenye hati mkononi.

Mikoko ni ya nani? Naweza kukata boriti mbili tatu za kuezekea?

Mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, na ikatangazwa tena 1964. Leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na kuikata bila kibali ni kosa, hata kama iko nyuma ya nyumba yenu na hata kama marehemu babu alikuwa akikata.

Najua jibu hili linauma. Boriti ndiyo iliyobeba dari za Mji wa Kale, na wapo wazee wanaoweza kukutajia kwa kugusa gome tu huu ni mkoko, huu mkandaa, huu muia, huu mchu. Ujuzi huo ni mali. Kwa sababu hiyo sheria ya misitu ya 2016 imeacha mlango: wakazi wanaweza kusajili chama cha msitu cha jamii na kuandikiana mkataba na KFS wa kusimamia sehemu fulani, wakifuga nyuki, wakiweka vitalu vya miche, wakipitisha wageni. Jomvu Kuu akina mama wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko na kuwapikia wageni vyakula vya Kiswahili. Ukitaka mfano mkubwa zaidi, vuka Likoni uende Gazi, kaunti ya Kwale. Huko mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, na fedha zimeingia kwenye maji na shule za kijiji.

Kikundi chetu kinataka kupanda miche elfu kumi ya mikoko. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kutopanda. Nasema hivi kwa uchungu.

Mara ya kwanza sisi tulipopanda, tulikuwa watu kama sitini. Maji yalikuwa yamekupwa sana, jua halijakali, watoto wa shule wamevua viatu. Tulikuwa na magunia ya mbegu za mkoko, zile ndefu za kijani zenye ncha, na tukazichomeka kwa mistari iliyonyooka kwenye tope tupu karibu na mkondo. Tulichagua pale kwa sababu palikuwa peupe. Bamvua mbili baadaye, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nilirudi. Mbegu zilikuwa zimelazwa zote upande mmoja, nyingine zimeng'oka kabisa na kukokotwa hadi kwenye mifuko na matambara yaliyonasa kwenye mizizi ya miti mikubwa. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza nyavu yake tangu siku ile ya kwanza aliniambia bila kuinua macho, "Pale ni pahala pa mlilana, mwanangu. Mkoko pale hausimami." Nilimuuliza mbona hakutuambia. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Mikoko si mti wa aina moja, na kila aina ina kiwango chake cha maji. Mlilana ndio unaokaa mbele kabisa, unakofikwa na maji kila siku na mawimbi. Mkoko hufuata nyuma yake. Muia na mkandaa hupenda ndani zaidi, na mchu huvumilia hata pale panapofikwa na maji ya bamvua tu na chumvi kukauka juu ya udongo. Ukipanda aina moja kila mahali, umetupa jasho la watu.

Halafu ulizeni kwanza kwa nini pale pako wazi. Huenda miti ilikatwa. Huenda mchanga ulishuka kutoka bara na kuziba pumzi ya mizizi: mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kwenye hori ya Mwache na mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama. Huenda ni mafuta, kama yale ya meli yaliyomwagika bandarini 2005 na kufika Port Reitz. Huenda ni ukuta au tuta lililozuia maji kuingia na kutoka. Ikiwa sababu ingali pale, mche utakufa kwa sababu ile ile. Ikiwa imeondoka na maji yanapita vizuri, mara nyingi bahari yenyewe inaleta mbegu na kupanda bila ya gwaride letu.

Kwenye mpango wa kaunti, kwa hiyo, msikubali kuandikiwa idadi ya miche iliyopandwa. Ombeni iandikwe idadi ya miche iliyo hai baada ya miaka 2, na jina la mahali.

Kisima chetu kimegeuka chumvi. Hilo nalo linaingia kwenye mpango?

Linaingia kabisa, na kwangu ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote kwa sababu halionekani.

Shangazi yangu anakaa Kisauni. Kisima chake kilichimbwa kabla sijazaliwa, kina ukingo wa mawe uliolika kwa kamba. Zamani chai ya maji yale haikuwa na kasoro. Sasa, ikifika Januari na Februari, kaskazi imekausha kila kitu, chai ina ladha ya machozi na sabuni haitoi povu. Masika yakinyesha vizuri utamu unarudi kidogo, kisha unaondoka mapema kuliko mwaka uliopita.

Kilichopo chini ni hiki. Maji ya mvua hupenya kwenye jiwe la matumbawe na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyoingia chini ya ardhi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Kanuni wanayoitumia wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huenda pamoja na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Igeuze kanuni hiyo uone hatari yake: ukivuta maji mpaka kiwango kishuke kwa mita 1, chumvi inaweza kupanda makumi ya mita kutoka chini. Pampu moja kubwa ya jengo la ghorofa inaweza kuharibu visima vya majirani wote bila yeyote kuona bomba lolote likipasuka. Ongeza na hili: kila ua tunaoufunika kwa simiti unazuia mvua iliyokuwa ikijaza akiba hiyo.

Kisha kuna vyoo. Jiwe letu lina nyufa na matundu, haliyachuji maji kama udongo wa bara. Wataalamu wa afya hupendekeza mita 30 kati ya kisima na shimo la choo. Kwenye ploti za kwetu hizo mita 30 hazipo, na hata zikiwepo, ufa mmoja unaweza kuzifuta. Chemsheni maji ya kisima, hata yakiwa matamu.

Kwenye mpango tunaomba mambo matatu yaandikwe wazi: ramani ya visima vya umma na vya misikiti, kikomo cha kuchimba visima vya pampu katika mitaa iliyokwisha ingiwa na chumvi, na sharti kwamba jengo kubwa livune maji ya paa lake na liache sehemu ya ploti bila simiti. Kuchimba kisima cha pampu kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ukiona mtambo wa kuchimba umeingia mtaani usiku, uliza idhini kesho yake asubuhi.

Lakini si tuna maji ya mfereji?

Yanakotoka ndiko kunakotakiwa kututia wasiwasi. Chemchemi ya Mzima iko ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, na bomba lake la zaidi ya kilomita 200 lilikamilika 1957. Marere iko Shimba Hills. Tiwi iko Kwale. Baricho iko kando ya mto Sabaki, Kilifi. Hakuna chanzo kikubwa hata kimoja kilicho ndani ya Mombasa. Vilima vya Chyulu vinavyolisha Mzima vikikatwa miti, mfereji wa Majengo utakauka bila mtu wa Majengo kukata tawi. Ndiyo maana mpango wetu hauwezi kuishia mpakani, na Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti 6, inapaswa kulijadili hili kwa uzito uleule inaoupa utalii na bandari.

Mwenye ploti amejenga ukuta hadi maji yanapofika. Ana haki?

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji makuu na maji ya kupwa ni ardhi ya umma. Hapo hakuna hati halali ya mtu binafsi. Juu ya alama hiyo, kanuni za upimaji zinataka ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa itengewe akiba ya umma ambayo kwa kawaida haipungui mita 60. Hati nyingi za kando ya bahari ni za zamani na kila moja ina historia yake, kwa hiyo usiingie ugomvini kabla ya kuomba nakala ya ramani ya upimaji na kuona bikoni, zile alama za mpaka, ziko wapi.

Ukuta wenyewe una madhara mengine. Wimbi likigonga simiti halifi, linarudi na mchanga, na kuhamishia nguvu yake ploti ya jirani. Jirani naye anajenga ukuta. Baada ya miaka michache mchanga umeondoka na kila mtu ana ukuta.

Taka zinahusianaje na maliasili?

Simama Makupa ujionee. Tuta la Makupa lilijengwa 1929 na likaziba maji kati ya Tudor na Port Reitz kwa zaidi ya miaka 90, mpaka daraja lilipofunguliwa 2022 na maji yakaruhusiwa kupita tena. Hapo hapo kando, Kibarani, mji ulimwaga taka zake miaka mingi ukingoni kabisa mwa bahari, kabla ya jaa kufungwa na mahali kugeuzwa bustani. Mambo hayo mawili yananipa moyo kuliko hotuba yoyote, kwa sababu yanaonyesha kosa la mipango linaweza kufumuliwa hata likiwa la enzi ya mkoloni.

Ila taka hazikuyeyuka. Zilihamishwa, na watu wa Mwakirunge ndio wanaoishi nazo. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinapotoka, nyumbani na sokoni. Zaidi ya nusu ya kinachobebwa na lori mjini kwetu ni maganda, mabaki ya mboga na vyakula, mtu akiangalia tu pipa la Kongowea au Marikiti anaona. Hayo ni mbolea. Na majitaka ndiyo mabaya zaidi: mitaa mingi haina mabomba ya majitaka, na kinachotoka humo kinaishia kwenye hori ile ile tunayotaka irudishe kamba na kaa.

Kunguru wa mjini ni maliasili?

Hapana. Wale weusi wenye shingo ya kijivu ni wageni kutoka Asia ya Kusini, na wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Wanaongezeka kwa kadiri ya majaa. Funika taka.

Wavuvi wanasema hifadhi ya bahari imewanyang'anya riziki. Ni kweli?

Hifadhi ya Mombasa ilianzishwa 1986. Ndani yake kuna sehemu mbili ambazo watu huzichanganya: eneo la takriban kilomita za mraba 10 ambamo uvuvi hauruhusiwi kabisa, na akiba ya kilomita za mraba 200 ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Sitawaambia wavuvi kwamba malalamiko yao ni ya bure. Mwanzoni waliofungiwa ni wao, na waliofaidi haraka ni hoteli. Lakini samaki hajui mpaka. Akikua na kuzaa ndani ya eneo lililofungwa hutoka nje, na wavuvi wa pembeni mwa hifadhi ndio wa kwanza kumpata. Matumbawe yaliuawa mengi na joto la bahari la 1998, na yale yaliyobaki hayawezi kustahimili juya la kukokota pamoja na joto. Ninachokiona kama dhuluma hasa ni kwamba kamati za wavuvi za fuo, BMU, huitwa mipango ikishaandikwa. Mvuvi anajua samaki wanazaa wapi mwezi gani. Mwite kabla kalamu haijashikwa.

Nimeona bango la mradi mtaani, au tangazo la tathmini ya mazingira gazetini. Nifanye nini?

Hesabu siku. Matangazo mengi ya NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, hutoa siku 30 za kupeleka maoni. Nenda ofisi yao ya kaunti, omba kuisoma ripoti, kisha andika. Barua ya ukurasa mmoja inayosema "ripoti, ukurasa wa 40, haikutaja kisima cha umma kilicho upande wa mashariki wa ploti" ina nguvu kuliko sahihi mia tano chini ya neno "tunapinga". Leseni ikitolewa na hukuridhika, una siku 60 za kukata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Na kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuhusu haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Anayedhani hayo ni maneno ya vitabuni akumbuke Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisumisha mtaa ule kwa madini ya risasi, na watoto wakaugua. Phyllis Omido, mwanaharakati wa mazingira, na wakazi hawakunyamaza, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ziliendelea miaka mingine baada ya hapo. Ushindi ulikuwa wa haki, lakini hakuna shilingi inayotoa risasi kwenye damu ya mtoto. Kama ramani ingesema mapema kwamba hapa ni makazi na kiwanda kile hakifai, kesi isingehitajika.

Mikutano ya kushirikisha umma ina maana yoyote? Tunaitwa, tunapewa soda, hakuna kinachobadilika.

Nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo. Nimewahi kufika ukumbini saa tatu, hati ya kurasa zaidi ya mia mbili ikagawiwa saa nne kwa Kiingereza, na saa sita tukaambiwa tutoe maoni. Uchovu wenu ninauelewa.

Kinachosaidia ni kuijua kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha unafika kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti yanafika kabla ya tarehe 30 Aprili, na kufikia mwisho wa Juni kila kitu kimepitishwa. Ukienda na ombi la uzio wa kitalu au vipimo vya visima mwezi wa Juni, umechelewa. Ukienda Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza na mpango wa Septemba bado uko jikoni, utasikilizwa.

Na ombeni hati mapema. Sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Andika ombi, taja hati kwa jina, ipeleke wiki sita kabla. Omba pia muhtasari wa Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, kuomba hivyo hamuombi hisani.

Machimbo ya mawe yakishamalizika, ardhi imekufa?

Nenda Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki jiwe tupu na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26, zikasimama 3 tu, mojawapo mvinje. Majani ya mvinje hayakuoza, yakarundikana. Waliletwa jongoo wenye miguu myekundu, wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo pale ni msitu, Haller Park.

Ninalosisitiza kwenye mikutano ni kwamba machimbo yetu madogo ya mawe ya kujengea, huko Kisauni na Jomvu, hayana mwenye kiwanda wa kuyarudisha. Yanabaki mashimo ya maji machafu na watoto huzama humo. Kibali cha kuchimba kitolewe pamoja na fedha za kufukia zilizowekwa mbele, na mpango useme hivyo.

Sisi ni watu kumi tu wa mtaa mmoja, hatuna mpima ardhi. Tuanze na nini?

Angalieni jedwali la maji, mchague siku ya bamvua, mtoke pamoja asubuhi maji yanapokupwa. Mchukue mzee mmoja anayejua majina, mvuvi mmoja, mama mmoja anayeteka maji kisimani, na kijana mwenye simu inayoonyesha mahali. Tembeeni ukingo wote wa mtaa wenu. Kila mnaposimama, andikeni: jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita, kilichopo, kilichokuwepo, nani anakitumia. Mbuyu, kisima, njia ya kushukia baharini, mfereji wa mvua, kipande cha mikoko na aina zake, bikoni iliyong'olewa. Sisi tulipofanya hivyo tulikuta visima vitano ambavyo vijana wetu hawakujua vipo, kimoja kimefunikwa kwa bati chini ya kibanda cha chipsi.

Ramani ya kuchorwa kwa mkono inakubalika?

Inapokelewa. Ichoreni kubwa, muandike majina kwa herufi za kusomeka, muambatishe picha na orodha ya mahali. Mtoe nakala tatu: moja ya idara ya ardhi na mipango ya kaunti, moja ya mwakilishi wa wadi, moja yenu. Mpeleke wenyewe dirishani, msimuachie mtu njiani. Na msiondoke pale mpaka nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe.